Theluji ya Nyamirambo: Mwandishi wa Kigali na Miezi ya Mvua

Ni desturi ya watu wanaojifunza kuandika kuuliza wapi watapata jambo la kuandikia katika miezi ile ambayo hali ya hewa humfungia mtu ndani ya nyumba. Huko Ulaya na Marekani swali hili huulizwa wakati wa baridi, usiku unapokuwa mrefu na theluji ikaziba njia, na majibu yake yameandikwa mara nyingi: mwandishi akae karibu na moto, atazame dirishani, aweke shajara, asome kazi za waliomtangulia. Ushauri huo una maana kwa wenyewe. Kwetu Kigali ulipofika, kwa njia ya vitabu vya kiada na kwa njia ya sisi walimu tuliovisomesha, ulifika pamoja na theluji yake. Makala haya yanakusudia kuitazama theluji hiyo ilivyoingia katika insha za wanafunzi wetu, na kuuliza kama mwandishi wa Kiswahili wa mji huu hana mvua yake mwenyewe ya kuandikia.

Yafaa nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi wa Novemba, niliwapa wanafunzi wangu insha yenye kichwa "Siku ya Mvua". Nilizozipokea zilikuwa za aina mbili. Baadhi zilijaa bahari: minazi ikiinama kwa upepo, madau yakirudi pwani, wavuvi wakivuta nyavu, na zote ziliandikwa na watoto ambao maji makubwa kuliko yote waliyowahi kuyaona ni Nyabarongo. Nyingine hazikuwa na mahali popote. Mvua ilinyesha, watu wakalowa, jua likatoka, kila mtu akafurahi. Katikati ya hizo ilikuwapo insha ya msichana mmoja wa Nyamirambo. Aliandika kwamba mvua ilinyesha tangu adhuhuri, kisha theluji ikaanza kuanguka juu ya bati la nyumba yao kwa kishindo, hata mama yake akanyamaza katikati ya neno kwa kuwa hakuna aliyeweza kumsikia. Na ilipokoma, wadogo zake wakatoka uani, wakaiokota, wakaitia vinywani. Nilichukua kalamu ya wino mwekundu, nikaipigia mstari theluji, nikaandika pembeni: "Kigali hakuna theluji. Andika unachokijua." Nikampa alama tisa katika ishirini.

Nilikuja kutambua nilichokifanya muda mrefu baadaye. Nilikuwa nimeketi Biryogo, katika baraza ya mzee mmoja ambaye hupenda kunieleza habari za mtaa huo, mara mvua ikageuka. Nikainuka niondoke. Akanizuia kwa mkono. "Kaa kwanza, Mwalimu," akasema, "urubura ipite." Tukakaa. Bati lilipigwa kama ngoma, wala hatukuweza kusemezana, na uani kukawa kweupe. Watoto walitoka wakaokota.

Urubura! Katika Kinyarwanda neno hili ni mvua ya mawe. Na ndilo hilo hilo litumiwalo kwa theluji ya nchi za mbali, kwa maana katika lugha ile vyote viwili ni weupe mmoja utokao juu. Mwanafunzi wangu alikuwa na urubura kichwani mwake, akatafuta Kiswahili chake, akalikuta neno theluji kabla ya kuikuta mvua ya mawe. Kosa lake lilikuwa la neno moja tu. Kila kitu kingine alikuwa amekiona kwa macho yake mwenyewe, na dalili zilikuwa wazi mbele yangu kama ningesoma: theluji haianguki kwa kishindo. Katika rundo lile la insha, yeye peke yake ndiye aliyeandika anachokijua, na yeye peke yake ndiye niliyemwamuru aandike anachokijua.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu naamini si kosa langu peke yangu. Lina mizizi katika namna tunavyokisomesha Kiswahili cha fasihi katika nchi hii. Vitabu tunavyovitumia vimetoka Dar es Salaam, Unguja na Nairobi, na hapana ubaya. Bila ya hivyo tusingekuwa na kitu. Lakini mwanafunzi huvisoma akajifunza, pamoja na ngeli na methali, kwamba Kiswahili kina mandhari yake, na kwamba mandhari hayo hayako kwao. Basi anapotaka kuandika vizuri huhama. Akihamia pwani tunamsifu kwa lugha ya kifasihi, akihamia Ulaya tunamkata alama, na akibaki Nyamirambo hatumwoni.

Hata majina ya majira yanatutega. Kalenda ya pwani ni ya masika, kipupwe, vuli na kiangazi, ikifuatana na pepo za kusi na kaskazi zilizoendesha vyombo. Hapa tuna umuhindo, tangu Septemba hadi Desemba. Urugaryi, kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Itumba, mvua kubwa za Machi hadi Mei. Na impeshyi, kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti. Mwalimu atasema kwa haraka kwamba umuhindo ni vuli na itumba ni masika, na katika kamusi hilo litatosha. Lakini vuli ya pwani ni mvua ndogo, ya kubahatisha. Umuhindo wa Rwanda ndio unaofungua mwaka wa mkulima. Ndipo maharage na mahindi ya msimu wa kwanza yanapotiwa ardhini, na mvua ikichelewa nchi nzima hutazama juu. Mwandishi atakayeandika "vuli" akiwa na umuhindo moyoni lazima amfanye msomaji wa Tanga ausikie uzito huo ambao neno la kwao halina. Hiyo ndiyo kazi ya uandishi, na ndiyo tunayoikwepa tunapomaliza somo kwenye kamusi.

Zaidi ya hayo, mvua za hapa si jambo jepesi la kumwambia mtu atazame dirishani akapate maono. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Aprili 1994, katikati ya itumba, na kila mwaka tarehe 7 Aprili kipindi cha maombolezo huanza tena, aghalabu mvua ikinyesha. Zimo nyumba katika mji huu ambazo sauti ya mvua ya Aprili juu ya bati si sauti ya utulivu. Mwalimu anayetoa insha ya "Siku ya Mvua" na alijue hilo. Hasemi na darasa la kitabuni.

Sasa, je, Kiswahili kinaweza kubeba mambo ya bara hili la milima na migomba bila ya kuazima bahari? Wapo wenye shaka, na jibu langu kwao ni kitabu kimoja ambacho nasikitika kuona walimu wengi wanakijua kwa jina tu: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza. Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Riwaya yake aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake, akaimaliza 1945. Kwa lugha hiyo yenye wasemaji wachache haikupata mchapishaji; miaka ikapita, mwandishi akazeeka na maradhi ya viungo yakamshika. Hatimaye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano baina ya kalamu na chapa! Anayelalamika kwamba Kigali hamna wachapishaji na aikumbuke hesabu hiyo kabla hajaiweka kalamu chini.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mume na mke wanapendana lakini hawajapata mtoto. Ndugu za mume wanasema maneno. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Mume anakwenda ukweni kumwomba, na pombe ya ndizi inatakiwa kama faini. Lakini utajiri wa kitabu hauko katika kisa. Uko katika namna mwandishi anavyokataa kuharakisha. Pombe ikitakiwa, tunaonyeshwa hatua kwa hatua jinsi inavyotengenezwa na nani anamsaidia nani. Mgeni akifika, salamu zinasalimiwa zote, kiti kinatolewa, chakula kinapikwa. Kuna kulima, kuvua, kutibu, kuzaa, kuzika. Mnyarwanda anayekisoma hupatwa na jambo la ajabu: anakuta urwagwa lake, ukwe wake, heshima zake, katika lugha aliyodhani ni ya mashua na minazi.

Siwezi kudai kwamba kitabu hiki hakina ila. Kuna mahali ambapo mwandishi anamsahau Myombekere kabisa, akageuka mwalimu wa mila, na msomaji aliyezoea mwendo wa Adam Shafi katika Kuli atachoka. Mazungumzo hurefuka kupita haja. Kiswahili chake nacho hakinukii pwani. Sentensi nyingine zinatembea kwa miguu ya Kikerewe. Hili la mwisho baadhi ya walimu wenzangu hulihesabu kuwa kasoro. Mimi silihesabu hivyo. Mzee yule alijua ya kwamba akiyasema mambo ya Ukerewe kwa Kiswahili cha Mvita yatakuwa si mambo ya Ukerewe tena. Akaiacha lugha ijinyooshe imfikie. Kijana wa kisiwa hicho hicho, Euphrase Kezilahabi, alichukua njia nyingine katika Rosa Mistika, 1971: lugha ya mkato, kisa kinachokimbia, msiba wa msichana wa shule, lakini naye alianzia Namagondo, kijiji alichozaliwa. Kwa mwanafunzi wa Kigali aliye mtoto wa mjini huenda Kezilahabi akawa mlango wa karibu zaidi. Kisha arudi kwa Kitereza ajifunze subira.

Mfano wa pili ni wa mwandishi wa kwetu, ingawa si wa Kiswahili, nao unagusa moja kwa moja swali la miezi ya baridi. Scholastique Mukasonga alizaliwa 1956; familia yake ilihamishwa kwa nguvu ikapelekwa Nyamata mwaka 1960; yeye akakimbilia Burundi 1973, na tangu 1992 anaishi Ufaransa, katika Normandy, penye baridi ya kweli. Mwaka 1994 watu wa ukoo wake waliuawa. Katika La Femme aux pieds nus, kilichotoka 2008, amemwandika mama yake: nyumba ya nyasi aliyoijenga, mtama aliouotesha, desturi alizozishika uhamishoni. Katika Notre-Dame du Nil, kilichopata tuzo ya Renaudot mwaka 2012, mvua ya milima yetu inanyesha juu ya shule ya wasichana hata msomaji akatamani kujifunika. Basi tazama kichekesho hiki: yeye aliye katika baridi ya Ulaya anaandika mvua ya Rwanda, na sisi tulio katika mvua tunaandika theluji.

Haikuwa Ulaya iliyompa Mukasonga cha kuandika. Alikuwa nacho tangu Nyamata. Lakini amekiandika kwa Kifaransa, na hapo ndipo linapokuja jambo ambalo limenikereketa kwa muda mrefu. Mwaka 1998 waandishi wapatao kumi wa Afrika walikuja Rwanda kwa mpango wa kuandika ili kumbukumbu isipotee. Walikuwamo Boubacar Boris Diop wa Senegali, Véronique Tadjo wa Kodivaa, Tierno Monénembo wa Gine, na Meja Mwangi wa Kenya. Walitembea, wakasikiliza walionusurika, wakaona mahali palipohifadhi mifupa. Vitabu vilivyotoka mwaka 2000 na baadaye, kama Murambi cha Diop, vinasomwa duniani kote. Katika vitabu hivyo hakuna cha Kiswahili. Diop mwenyewe amesema kwamba Rwanda ndiyo iliyomfanya aifikirie upya lugha ya kuandikia. Mwaka 2003 akatoa Doomi Golo, riwaya yake ya kwanza kwa Kiwolofu. Msenegali alikuja kwetu akatoka na hamu ya lugha ya kwao! Sisi tuliobaki, tukiwa na Kinyarwanda kinachotuunganisha sote na Kiswahili kinachotufikisha Goma, Bujumbura, Kigoma na Mombasa, hatujaifanya hesabu hiyo.

Wala Kiswahili si mgeni wa jana hapa. Richard Kandt alipoweka makao yake Kigali mwaka 1907, lugha hii ilikuja pamoja na askari, wapagazi na wachuuzi. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo ulijengwa 1913. Na Biryogo ukawa mtaa ambao mtu huzaliwa, huoa na huzikwa kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi shule na kanisa vilikitazama kwa jicho la pembeni, kama lugha ya soko, ya kambi na ya Waislamu. Tangu miaka ya 1960 hadi 2015 mitambo ya redio ya Wajerumani iliyokuwa katika kilima cha Kinyinya ilirusha matangazo, yakiwamo ya Kiswahili, hadi mbali nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 sheria ikakifanya lugha rasmi. Lugha yenye umri huo katika mji mmoja ingestahili kuwa na rafu yake ya vitabu vilivyoandikwa papo hapo. Sheria inaweza kuipa lugha ofisi. Rafu haiwezi kuijaza.

Kuhusu nyenzo sitasema mengi, kwa kuwa mwenye haja atazifikia kwa miguu au kwa moto, mvua ikiruhusu. Maktaba ya umma ya Kacyiru, iliyofunguliwa 2012, ina meza, mwanga na ukimya, vitu vitatu ambavyo nyumba nyingi za wanafunzi wetu hazina. Nyumba ya Kandt, ambayo sasa ni makumbusho, itamfaa anayetaka kuujua mji ulivyoanza. Kumbukumbu zilizo Gisozi zitatumiwa kwa adabu na kwa sababu, si kwa kutafuta kisa cha kusisimua. Mtunzi wa mashairi na azitafute kazi za Padri Alexis Kagame, aliyefariki 1981: alikusanya na kuzieleza tungo za kale za watunzi wa mwami, ibisigo, na bado hakuona haya, mwaka 1949, kutoa utenzi mzima wa kuchekesha juu ya nguruwe, Indyohesha-birayi. (Wasomaji wetu wa Biryogo watatuwia radhi.) Mtu aliyeweza kumpata nguruwe huyo kati ya wafalme hakungojea majira.

Lakini nyenzo iliyo bora katika miezi ya mvua haimo ndani ya jengo lolote. Mvua ikianza Kigali, moto husimama. Waendeshaji na abiria wao hukimbilia chini ya mapaa ya vituo vya mafuta na katika baraza za maduka, na kwa nusu saa watu wasiojuana husimama bega kwa bega: mchuuzi wa Kimironko, mwanafunzi, mwanamke aliyetoka Bukavu jana, askari aliye likizoni. Watu hawa huzungumza, na Kiswahili chao ndicho ambacho hakijaandikwa. Kina Kinyarwanda ndani yake, kina Kifaransa, kina Kongo. Mwandishi chipukizi na asimame hapo na daftari lililofichwa ndani ya koti. Akirudi nyumbani ndipo atakapoamua kipi akisanifishe na kipi akiache kilivyo, na uamuzi huo utamfunza kuliko somo langu la mitindo.

Usiku nao una mali yake. Igitaramo, yaani kikao cha jioni cha hadithi na vitendawili, hakijafa kabisa, hasa mahali ambapo mvua na giza hukaa pamoja. Mwaka huu niliwaomba wanafunzi waniletee vitendawili kutoka kwa nyanya na babu zao, kisha wavitege kwa Kiswahili. Kwa Kinyarwanda mtegaji husema "Sakwe sakwe!" na wasikilizaji hujibu "Soma!", neno ambalo kwa sikio la Kiswahili ni amri ya kufungua kitabu. Darasa lilicheka sana kwa hilo. Kisha likaja jambo zito: vitendawili vingi vilivyovuka salama vilikuwa vya ng'ombe, na vya mvua vilikwama. Tulikaa vipindi viwili tukitafuta jinsi ya kuyatenga manyunyu, rasharasha, mvua ya mawe na ile mvua ya umuhindo inayokuja na upepo mbele kama tarishi. Kwa hiyo ya mwisho hatukupata neno moja. Mvulana mmoja alipendekeza tuiite "mvua ya umuhindo" tu, na watu wa pwani wajifunze. Niliandika ubaoni jinsi alivyosema.

Insha ile ya theluji bado ninayo, kwa kuwa mwenyewe hakuja kuichukua. Amekwisha maliza shule. Nimeifuta theluji kwa wino wa bluu, nikaandika juu yake mvua ya mawe, na pale nilipoandika pembeni sikupaonea la kufanya ila kupakata mstari. Zile alama tisa zilikwisha kuingia katika daftari la mwaka ule, na daftari lilikwisha kufungwa.